Okestra ya London nyuma ya wimbo wa 'Baba Yetu'

WATOTO wanaocheza gemu za kompyuta huenda waliusikia wimbo huu wa Kiswahili kabla ya wazazi wao. Unaitwa 'Baba Yetu', na maneno yake ni Sala ya Bwana, ileile inayosaliwa kila Jumapili kutoka Bugando hadi Ukerewe. Mmarekani Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV, iliyotoka mwaka 2005. Aliyemwomba kazi hiyo ni Soren Johnson, mbunifu wa gemu hiyo, ambaye walikaa chumba kimoja wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Maneno yalipangwa na Mkenya Chris Kiagiri.

Wimbo uliporekodiwa upya kwa ajili ya albamu ya mwaka 2009, walioimba ni Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Waliopiga vyombo ni Royal Philharmonic Orchestra ya London. Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu.

Kwa mzazi aliyekulia enzi za dansi, neno okestra humkumbusha magitaa ya Maquis du Zaire. Hii ni ya aina nyingine: watu wapatao themanini wenye fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma, kila mmoja na karatasi yake ya nota, wakimtazama kiongozi mmoja.

Ilianzishwa mwaka 1946 na Sir Thomas Beecham, mjukuu wa mtu aliyetajirika kwa kuuza vidonge vya kulainisha tumbo. Onyesho la kwanza lilifanyika Septemba mwaka huo, mjini Croydon. Haikuchukua muda kuingia kwenye sinema. Filamu ya The Red Shoes ya mwaka 1948 ina sehemu ndefu ya dansi, na muziki wake ulipigwa na okestra hiyo ikiongozwa na Beecham mwenyewe. Mtunzi wake, Brian Easdale, akapata Oscar.

Mwaka 1951 ikaja The African Queen, filamu ambayo hadithi yake inatokea huku kwetu. Ni mwaka 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani, na kuna meli ya kivita ya Wajerumani inayotawala ziwa. Meli hiyo ya kubuni ilitokana na meli ya kweli, Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916, mwezi uleule Waingereza walipouteka mji wa Mwanza. Baadaye iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo abiria wa Kigoma wanalijua vizuri: Liemba.

Sehemu ya filamu ilipigwa Uganda na Kongo. Muziki, uliotungwa na Allan Gray, ulipigwa na Royal Philharmonic chini ya Norman Del Mar. Filamu inaanzia kanisani. Dada wa mmisionari anapiga kinanda, mmisionari anaimba kwa nguvu zote, na wanakijiji wanatoa sauti zisizoeleweka, ili mtazamaji wa Ulaya acheke. Anayejua kwaya za kanda hii zinavyoimba hatacheka sana. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kabla ya okestra ileile kuketi studio na kupiga vyombo chini ya sala ya Kiswahili, maneno yakisikika kila moja.

Katikati ya miaka hiyo nusura ife. Beecham alifariki mwaka 1961, na miaka miwili baadaye wanamuziki wakaunda kampuni yao wenyewe ili wasitawanyike. Okestra isiyo na tajiri nyuma yake inahitaji kazi za kuuza, na kurekodi muziki wa filamu ni mojawapo ya kazi hizo.

Kazi yenyewe haina mapambo. Kipindi kimoja cha studio kwa kawaida ni saa tatu. Picha huonyeshwa kwenye skrini, na wapigaji huvaa vipokea sauti vinavyowapigia mdundo wa kuhesabu ili muziki usipishane na picha hata kidogo. Mara nyingi karatasi ya nota wanaikuta studio siku hiyohiyo. Asiyeweza kuisoma papo hapo anawachelewesha wenzake wote, na muda wa studio unalipiwa.

Hapo ndipo mzazi wa Mwanza ana la kufikiria. Kwaya nyingi za kanda hii hufundishwa kwa solfa, ile do-re-mi iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa na wamisionari. Inafundisha sikio haraka, wala si ya kudharauliwa. Lakini karatasi za studio huandikwa kwa nota za mistari mitano. Mtoto anayepiga kinanda kwa kusikiliza tu ameshavuka sehemu ngumu. Mwalimu wa kwaya anayesoma mistari hiyo anaweza kuanza kumfundisha kwa daftari na kalamu ya risasi. Mzazi anayesema muziki si kazi angalau ajue kwamba wapo wanaolipa ada za watoto wao kwa kusoma karatasi hizo.

Rekodi ya 'Baba Yetu' inapatikana mtandaoni na inawafaa watoto wa umri wowote. The African Queen ni vizuri mzazi aitazame pamoja nao: mara baada ya ibada ile, askari wa Kijerumani wanakichoma moto kijiji, na walio chini ya miaka kumi wanaweza kuogopa.