Lita, Pishi na Birika la Dakhalia

Ukenda Darajani kununua mafuta ya kupikia utatajiwa lita, lakini bibi yako shamba akipima mchele bado hutaja kibaba na pishi. Kwa hiyo yatupasa wanafunzi kuvijua vipimo vyote hivi, na hasa kujua lita imetoka wapi, kwani wengi wetu twaitaja kila siku bila ya kuifahamu.

Vipimo vya wazee wetu vina utaratibu mzuri. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi. Hivi ni vipimo vya ujazo, si vya uzito; pishi ya mchele na pishi ya unga hazilingani kwenye mizani. Ndiyo sababu zaka ya fitri, ambayo asili yake ni pishi, ikitolewa kwa kilo huangaliwa kwanza ni chakula gani. Taabu ya pishi ni kuwa yategemea chombo na mkono wa mpimaji. Huyu akipima ya mfuto na yule akijaza mpaka kilele, wote wawili watasema wamepima pishi moja.

Galoni nayo haikuwa na nafuu kubwa. Ya Kiingereza ni lita 4 na nusu na kidogo zaidi, na ya Kimarekani haifiki lita 4. Lile debe la zamani la mafuta ya taa lilichukua galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo, wala si 20 kama wengine wanavyodhani.

Mwaka 1795 Wafaransa waliweka sheria ya kutoa kipimo cha ujazo katika kipimo cha urefu. Chukua kadibodi na rula yako, ufanye kisanduku chenye urefu, upana na kina cha sentimita 10. Zidisha: 10 kwa 10 kwa 10 ni sentimita za ujazo 1,000. Hiyo ndiyo lita, na kila sentimita moja ya ujazo ni mililita. (Kijiko cha dawa ni mililita 5, vijiko vya jikoni havilingani, basi mtoto mgonjwa apimiwe kwa kikombe kilichokuja na chupa.) Maji yanayojaa kisanduku hicho yana uzito wa karibu kilo moja.

Wengi hudhani kuwa mita ya ujazo ni lita 100, kwa kuwa mita ni sentimita 100. Sivyo. Visanduku vyetu vitapangwa 10 kwa urefu, 10 kwa upana na 10 kwenda juu. Basi ni lita 1,000.

Sasa tuje kwenye birika letu. Tangu zama za Sayyid Barghash (1870–1888) maji ya chemchem yaliletwa mjini kwa mabomba kutoka upande wa Bububu, lakini mpaka leo ziko siku bomba hukauka, na sisi wa dakhalia twalijua jambo hilo kuliko watu wote. Mimi na wenzangu wawili tulilipima birika kwa utepe: mita 3 kwa 2, kina mita 1 na nusu. Ni mita za ujazo 9, yaani lita 9,000. Tuko wanafunzi 120. Kila mmoja akitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku, ni lita 2,400. Siku ya nne jioni birika ni tupu.

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja kamili. Bati la dakhalia, tulivyolipima chini ya ardhi bila ya kuhesabu mteremko, lafunika mita 18 kwa 10, nazo ni mita za mraba 180. Basi mvua ya milimita 50 yatosha kulijaza birika lililo tupu. Lakini mfereji wa kukingia maji uko upande mmoja tu wa paa, kwa hiyo twahitaji milimita 100. Katika Aprili, mwezi wa masika, mvua ya Unguja kwa kawaida hupita milimita 300. Kwa upande usio na mfereji hizo ni lita 27,000, mabirika matatu, zinazomwagika chini na kuchimba mashimo mbele ya madirisha ya Kidato cha Pili. Mfereji unaotakiwa ni wa mita 18.