Safari Rally: Jinsi mkazi anavyoweza kuwa afisa wa mashindano

Tangu Safari Rally irejee kwenye Mashindano ya Dunia ya magari mwaka 2021, wakazi wa Naivasha, Gilgil na Elmenteita wameizoea wakiwa watazamaji. Wale wanaovaa vizibao vya kung'aa na kuzuia umati kando ya barabara huitwa mamashali. Wengi wao ni watu wa kujitolea, na mkazi wa Kaunti ya Nakuru anaweza kuwa mmoja wao.

Mashali hufika mahali pake kabla ya barabara kufungwa, mara nyingi kukiwa bado giza, na haondoki hadi gari la mwisho la waandalizi lipite. Magari ya usalama yenye namba 000, 00 na 0 hutangulia. Likishapita la 0, mshindani yu karibu. Kazi ngumu hasa ni kuwaondoa watu upande wa nje wa kona, kwa kuwa gari likiteleza huelekea huko. Hapo mwenyeji ana nafasi nzuri kuliko mgeni: anaelewana na wachungaji, anajua vichochoro vya bodaboda na mahali pundamilia hupenda kuvukia.

Gari likikwama, dereva na mwelekezi wake huonyesha kibao: OK ya kijani ikiwa hawahitaji daktari, SOS nyekundu ikiwa wameumia. Mashali hupeleka habari na namba ya gari kwenye kituo cha redio. Bendera nyekundu haipandishwi kwa hiari yake. Amri hutoka kwa mkuu wa mashindano.

Mwenye utulivu na mwandiko safi anaweza kuendelea hadi kituo cha kupima muda. Si kazi ndogo hiyo. Mkondo wa mashindano hupimwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Gari likichelewa kufika kituoni huadhibiwa sekunde 10 kwa kila dakika, na likiwahi, dakika nzima kwa kila dakika. Mekanika naye anafaa zaidi kwenye ukaguzi wa magari.

Pa kuanzia ni vilabu vilivyo chini ya KMSF, shirikisho linalosimamia mbio za magari nchini. Raundi za mashindano ya kitaifa ni ndogo kuliko Safari, na ndiko mgeni hujifunza bila presha kubwa. Kijana anayetafuta mshahara wa haraka atavunjika moyo, kwani kupanda hadi vyeo vya juu huchukua miaka mingi. Kabla ya kukubali zamu, aulize waandalizi kuhusu mafunzo, usafiri, chakula na bima. Akidaiwa pesa ili apewe nafasi, asitoe chochote kabla ya kuthibitisha na KMSF.