Pishi, Mizani na Mkubwa

Msimu wa karafuu unapowadia Unguja na Pemba, harufu ya majamvi humfikia mpita njia kabla hajaliona shamba. Pamoja na harufu huja hesabu, na katika hesabu ndimo uaminifu wetu hupimwa.

Mchumaji hulipwa kwa pishi. Pishi ni vibaba vinne, na mtoto wa chuoni aijua. Tena huko huko chuoni ameisoma sura ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Hata hivyo wapo wenye mashamba wanaompimia mchumaji kwa tele na kumlipa kwa mfuto. Jioni tajiri huyo huyo hulalamika kwamba karani wa kituoni amempunja! Mkulima naye, tusimfiche, mara nyingine huacha makonyo ndani ya gunia, au huleta karafuu isiyokauka ili uzito uongezeke.

Je, desturi njema imekwenda wapi? Haikupotea; hufuata mwenendo wa wakubwa. Tangu Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lilipoundwa mwaka 1968, Serikali ndiyo mnunuzi wa karafuu. Kwa miaka mingi bei aliyopewa mkulima ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei iliyopatikana ng'ambo, na mashua zikavuka usiku kwenda Mombasa. Kisheria ni magendo. Lakini vijijini wengi, hata wacha Mungu, hawakuona aibu, kwani waliamini kuwa aliyeanza kupunja ni mwenye mizani. Mwaka 2011 bei ilipopandishwa, na ikaahidiwa kuwa asilimia 80 ya bei ya soko la nje itakuwa ya mkulima, karafuu zilimiminika vituoni. Doria ilikuwapo pia, hatukatai. Ila askari hawezi kulinda kila bandari ya mikoko.

Kwa hiyo twawaomba wahusika mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Mizani ikaguliwe kabla ya msimu, mbele ya wakulima wenyewe. Bei ya kila daraja ibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa. Na gunia la mkubwa, awe sheha au mkurugenzi, lisiingizwe kwa mlango wa nyuma, bali lingoje zamu nyuma ya gunia la bibi aliyetoka Mtambile tangu alfajiri.