Je, Wajua? Ukuni Usio na Gome Bado Unatambulika

Ukinunua mzigo wa kuni Rongo au Mbita, majani hayapo na gome huenda limebanduka. Mti bado unajulikana. Tazama upande uliopasuliwa.

Grevilia, iliyojaa mipakani mwa mashamba, ina mishipa mipana inayotoka kwenye kiini kuelekea gome. Ukiupasua ukuni wake kufuata mishipa hiyo, mabaka yanayong'aa hutokea, mfano wa lesi. Mjohoro hauna mapambo hayo. Wenyewe una kiini cha kahawia iliyokolea, karibu cheusi, chenye michirizi hafifu, na nje yake sehemu iliyopauka. Othoo, mti wa miiba wa nyanda kavu, ni wa manjano hafifu toka ukingoni hadi katikati. Huwaka karibu bila moshi, sifa kubwa jikoni, ingawa haimfai sana anayekausha samaki kwa moshi.

Rangi hudanganya. Kuni zilizolala juani na mvuani zote hugeuka kijivu, kwa hiyo chonga kidogo kwa panga kwanza. Pete za ukuaji nazo usizitegemee: huku karibu na ikweta, mvua hunyesha misimu miwili na hakuna baridi kali ya kusimamisha ukuaji, hivyo miti mingi haina pete zinazosomeka.

Ukikata tawi bichi likatoa maziwa meupe tele, huenda ni mnyaa, ule wa nyua za maboma. Osha mikono kabla ya kugusa uso. Utomvu wake huweza kuumiza macho vibaya.