Moyo Imara Hujengwa Wakati wa Amani

Askari hafundishwi kulenga shabaha siku ya vita. Hufundishwa miezi mingi kabla, kwa gwaride, kwa mbio za alfajiri na kwa kurudia jambo lile lile mpaka mwili ulizoee. Ndivyo ulivyo na moyo wa mwanadamu. Ustahimilivu hauji ghafula siku dhiki inapobisha hodi. Hujengwa nyumbani kidogo kidogo, wakati kungali na amani.

Jambo hili lazihusu sana jamaa za askari wa Uganda. Tangu Machi 2007, vikosi vya kwanza vya kulinda amani vilipotua Mogadishu, Somalia, wake wengi wamejifunza kuishi miezi mingi pasipo waume zao, na waume wengine pasipo wake zao. Abakiaye kambini huachiwa karo ya shule, mtoto mwenye homa usiku wa manane, na uvumi upitao mlango hadi mlango.

Nguzo ya kwanza ni mipango. Kabla ya safari, yafaa mume na mke waketi wakubaliane: mshahara utapitia wapi, nani atalipa karo, na deni gani lipo. Jeshi lina chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo, nao polisi wana Exodus. Akiba ndogo ya kila mwezi hupunguza hofu kubwa. Penye kipande cha ardhi, ipandwe mihogo. Huvumilia ukame na hungoja udongoni hata maharage yakiisha ghalani.

Nguzo ya pili ni utaratibu. Watoto wale, wasome na walale kwa saa zile zile. Waambiwe kweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto aambiwaye kila siku kwamba baba atarudi kesho, hatimaye hamsadiki hata mama.

Nguzo ya tatu ni watu. Mama wa nyumba awe na jirani mmoja amwaminiye, wasaidiane kulea na kufariji. Ajue pia mapema ofisi ya kikosi atakayoiuliza habari, ili uvumi usimnyime usingizi bure.

Nguzo ya mwisho ndiyo ipuuzwayo zaidi. Wengi hudhani kwamba ushujaa ni kunyamaza. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Askari arudiye nyumbani akashtuka mlango unapogongwa, akaota vita kila usiku, au akakasirikia watoto bila sababu, si mwoga wala hakurogwa. Huenda ana kiwewe, na kiwewe kina tiba. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi, aende kwa mganga wa kituo cha afya. Kwa matatizo makubwa ipo hospitali ya Butabika, Kampala. Akisema kwamba amechoka na maisha, asingojewe hata siku moja. Pombe haifai kuwa dawa: hukopesha usingizi mfupi, kisha hudai kwa riba kubwa.

Mke naye asione haya kulia mbele ya amwaminiye. Hata kamanda hodari, azidiwapo, huita kikosi kingine kimsaidie. Wala hakuna askari amwitaye mwoga kwa hilo.