Je, Wajua? Bandari ina kina, chelezo kiko mbali

Je, wajua kwamba bandari ya Mtwara ni mtoto wa sheria ya Bunge la Uingereza? Mwaka 1948 Bunge hilo liliunda shirika la umma la kulima karanga Tanganyika. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini, ikajengwa reli, likajengwa na gati Mtwara, mahali penye kina kirefu. Mradi ukavunjwa 1951. Gati likakamilika 1954, karanga hakuna! Leo korosho ni miongoni mwa mizigo yake mikubwa.

Je, wajua kwamba mwaka 1861 Livingstone alijaribu kupanda mto Ruvuma kwa Pioneer, meli ya serikali ya Uingereza? Maji yalipungua, akarudi.

Je, wajua kwamba MV Ruvuma haijawahi kuonja maji ya chumvi? Ni meli ya mizigo ya Mamlaka ya Bandari iliyoko Ziwa Nyasa, na iliundwa Itungi, Kyela, na Songoro Marine, kampuni binafsi ya Mwanza. Ndivyo tulivyozoea Tanzania: mwenye meli ni serikali, fundi ni kampuni binafsi au mgeni.

Kenya imeshika njia nyingine. Mwaka 2020 ilianzisha Kenya Shipyards Limited, kampuni ya serikali iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, yenye yadi Mtongwe na Kisumu. MV Uhuru II, meli ya mizigo yenye urefu wa mita 100, iliundwa Kisumu kwa ushirikiano na Damen ya Uholanzi. Yadi ya jeshi kuunda meli ya biashara si kosa, ila hesabu zake lazima zisomwe bungeni, si kambini tu.

Je, wajua kwamba yadi ya Norfolk, mali ya jeshi la wanamaji la Marekani, ilianza 1767, miaka 9 kabla Marekani haijatangaza uhuru? Yadi za namna hiyo zimebaki nne, na kazi yao sasa ni ukarabati. Meli mpya za kivita huundwa na kampuni binafsi, na sheria inakataza kuziunda nje ya nchi bila idhini ya Rais.

Na anayetamani chelezo cha serikali cha kuundia meli kusini ya Mtwara? Kuanzia Msimbati hadi mpaka wa Msumbiji atakutana na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya sheria ya 1994. Labda aulize bandarini, ambako gati jipya la mita 300 limeongezwa.