Aliye Mzito Apange Mwendo

Wapandaji wengi wa Kilimanjaro husimulia usiku wa kilele, lakini kwa wanaopita njia ya Machame siku inayoamua mengi ni ya tatu. Kundi huondoka kambi ya Shira, karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, na kupanda kwenye uwanda wa mawe na vumbi hadi Lava Tower, jabali la volkano lililosimama kwenye mita 4,600 hivi. Hapo watu hula chakula cha mchana, kisha huteremka hadi kambi ya Barranco, chini kidogo ya mita 4,000, katika bonde la lobelia na misenesio iliyowazidi watu kimo. Ni saa sita au zaidi za kutembea, na jioni mtu analala juu kidogo tu ya alipolala jana. Asiyeujua mlima ataona ni jasho la bure. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe ya siku: mwili huonjeshwa hewa ya juu mchana, kisha hurudishwa chini usiku upate kujirekebisha. Faida hiyo, naamini, huwafikia wote pale tu kundi linapokubali jambo ambalo wengi hulipokea shingo upande, yaani mwendo wa wote upangwe na yule aliye mzito kuliko wote.

Kwa kawaida jambo hili hutetewa kwa huruma. Mimi nalitetea kwanza kwa habari za mwili. Kule Lava Tower hewa ina sehemu ileile ya oksijeni kama ya Dar es Salaam, asilimia 21 hivi. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao haufiki asilimia 60 ya ule wa pwani. Kila pumzi huingiza oksijeni pungufu, na mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea hali hiyo. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Ratiba ya Machame huwa imeupita ushauri huo kabla ya siku ya tatu kuanza, maana kati ya kambi ya kwanza na Shira kuna zaidi ya mita 800. Basi kila anayetoka Shira asubuhi ana deni mwilini, na mwanariadha analo pia, kwa sababu mazoezi ya kukimbia hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Kijana mwenye nguvu yumo hatarini kwa namna yake: miguu yake inaweza kwenda haraka kuliko damu yake inavyoweza kubadilika. Mwendo wa mzito humfaa hata yeye.

Sababu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Ugonjwa huu huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya kula. Ukizidi huweza kushika mapafu au ubongo. Maji yakianza kujaa mapafuni, dalili ya mapema ni mtu kushindwa kwenda sambamba na wenzake aliokwenda nao vizuri jana. Kikohozi na kukosa pumzi hata akiwa amekaa huja baadaye. Ubongo ukivimba, mtu huanza kuyumba na kuchanganyikiwa, na huenda asijue kabisa kwamba anaumwa. Ukimwuliza atasema yuko sawa, wala hadanganyi, kwani kiungo ambacho kingemwambia ukweli ndicho kinachougua. Anayeweza kuujua ukweli huo ni mwenzake: aliyekunywa naye uji asubuhi, anayekumbuka alivyokuwa akizungumza, anayeona sasa amenyamaza mno, anajikwaa, na supu ya mchana hakuigusa. Hapo kuna kipimo chepesi cha kumtembeza kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Lakini kundi likitawanyika, walio mbele wakafika Barranco ilhali wa mwisho bado anaitafuta Lava Tower, ushahidi wote huo hupotea. Kuchelewa kwake kulikuwa dalili, na wenzake wakakuchukulia kuwa tabia.

Wapo watakaosema kwamba kusubiriana huleta madhara yake, na wana haki ya kusikilizwa. Mtu aliyetoka jasho akisimama dakika kumi kwenye upepo wa mita 4,600 hupata baridi kali, na alasiri ukungu na mvua ni vya kawaida upande wa Barranco. Ila dawa yake ni kumweka mzito mbele, nyuma tu ya mwongozaji, ili pasiwe na haja ya kusimama. Kundi likilazimika kugawanyika, ligawanyike kwa uamuzi, kila sehemu ikiwa na mwongozaji anayeweza kumteremsha mgonjwa. Wengine watamtaja Karl Egloff, ambaye mwaka 2014 alipanda na kushuka mlima huu kwa chini ya saa saba. Ni kweli, lakini huyo ni mkimbiaji wa milimani aliyejiandaa, na hakukusudia kulala huko juu. Mgeni wa siku saba hulala huko usiku baada ya usiku, na hapo ndipo ugonjwa hupata nafasi.

Kuna wenzi wa safari ambao hoja hii isipowafikia haina maana. Wapagazi hufungasha kambi wageni wakiwa wameshaondoka, na siku hii mara nyingi hufuata njia ya chini isiyopita Lava Tower, ili wafike Barranco mapema na kusimamisha mahema. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 za mzigo kwa kila mpagazi, lakini mizani ya getini haipimi kichwa kinachouma. Wengi wanatoka Moshi na vijiji vya jirani, na Moshi mjini haifiki hata mita 1,000, kwa hiyo mlima huwapata kama unavyowapata wageni. Tena mpagazi ana sababu ya kuficha maumivu: anaogopa kukosa ujira na bahati ya kuitwa tena. Kwa maoni yangu, mwongozaji anayewauliza wageni kila jioni juu ya kichwa na usingizi awaulize na wapagazi maswali hayohayo, na anayeugua ateremshwe akiwa na mwenzake, bila kukatwa malipo. Mteja naye anaweza kuuliza kabla ya kulipa: kundi litakuwa na waongozaji wasaidizi wangapi, na mpagazi akiugua Shira, nani atashuka naye?